Tupeane uzoefu: ule mgahawa wa kizamani wa baharini Raskazone, wewe unaukumbuka kwa lipi?

Mtoto wa Chumbageni
Wana Tanga wenzangu mambo vipi. Juzi jioni nimepita Raskazone nimekuta ule mgahawa wetu wa zamani, ule wenye baraza ya mbao iliyoingia mpaka juu ya maji (jina sitaji, wenyeji mshaujua), umezungushiwa mabati mafundi wanapiga plasta. Nikachungulia, ukutani picha ni zile zile, mabwana wa mkonge na kaptula zao nyeupe wameshika samaki mkubwa kuliko mtu. Hivi sisi wengine hatukuwahi kuwepo pale? Aliyekula, aliyepika, aliyefukuzwa, shusheni stori kabla hawajapaka rangi yote.

Bibi wa Barabara ya 12
Mwanangu baba yangu alikuwa mpishi pale wakati wa mkoloni, alianza na kuosha vyombo akapanda mpaka jikoni. Enzi hizo mkonge ndio Tanga yenyewe, Mjerumani aliuleta 1893 Mwingereza akaja kuurithi, na Wagiriki na Wahindi wakawa na mashamba yao, basi Jumamosi wanashuka kutoka Muheza na Korogwe magari vumbi tupu wanakuja kunywa. Mwafrika mlango wa mbele hapiti, unazunguka nyuma kwenye kuni. Memsabu alimfundisha baba mikate na keki zao ila samaki wa huku alikuwa hamuwezi, baba ndo anamtia ndimu na chumvi, anamkaanga juu juu, halafu tui la kwanza mwishoni kabisa, moto mdogo, likichemka tu limekatika umeharibu. Wageni wakisifu anasifiwa memsabu. Na nyumbani tulikula changu huyo huyo ila vichwa vitupu, maana ndo alivyoruhusiwa kubeba. Mie mpaka leo minofu ya samaki naiona haina ladha.

Mstaafu wa Bandari
Shikamoo bibi. Sisi tuliingia kwa mlango wa mbele, ila baada ya Azimio. 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, na bei yenyewe ilikuwa ishaanza kuporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, wazungu wakapungua, meza zikabaki wazi tukakaa makarani na walimu. Tanga ya wakati ule ina Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ndugu wa tumbo moja wanaweza wasisalimiane kwa ajili ya bendi, na dansi likiisha wote tunakutana pale kwenye supu.

Sasa baada ya vita vya Kagera ndo yakaja ya kuja. Bia kwa kibali, zinaletwa kreti chache na wateja mji mzima. Meneja akaweka sheria, bila sahani ya chakula hupati bia. Basi mtu anaagiza ndizi nyama ambayo hana mpango nayo, anapata bia zake, sahani inasogezwa meza ya pili, kisha ya tatu, mchuzi umeganda juu kama nta, na weita anaiona kabisa ni ile ile, sisi tunamuona anaiona, na yeye anaandika "ndizi nyama 1" bila kucheka. Sijui hesabu za jikoni zilikuwa zinafungwaje.

Mpemba Mweusi
Mstaafu umeniua 😂😂 sahani yenye uzoefu wa kazi

Ngalawa ya Sahare
Hesabu za jikoni waulize watu wa baharini. Baba yangu mdogo (marehemu, kwa hiyo nasema) alikuwa anapandisha mpaka Vanga upande wa Kenya anarudi na sabuni za kuogea na sukari, kipindi ambacho dukani huku ni foleni na kubahatisha. 1983 ikaja ile oparesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali chooni, yeye hakuacha ila alichagua siku, anasubiri maji ya bamvua usiku, bahari ikijaa mashua inaingia mpaka chini ya ile baraza. Wakubwa wamekaa juu wanakula kamba, chini ya miguu yao mbao imetolewa moja katoni zinapandishwa jikoni. Alikuwa anasema kazi kubwa siyo kupakua, kazi kubwa ni harufu ya sabuni, ndo maana mpishi anakaanga vitunguu muda wote.

Shemeji wa Usagara
Haya ya mbao moja nayo mh. Kuna weita pale alikuwa anawaambia watalii nyuki wa mwaka 1914 walitoka kwenye mwembe wa nje, ukimpa bakshishi nyuki wanaongezeka. Vita ni kweli, Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi hapo hapo Raskazone, wengi askari wa kutoka India, wakachapwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na watu wachache sana kuliko wao, na nyuki kweli waliwavamia. Ila mwembe ule nimeuona ukiwa mchanga kwa macho yangu.

Jikoni Deep Sea
Mi nimefanya kazi pale miaka ya 2000 mwanzoni. Wavuvi wa jarife (zile nyavu za matundu makubwa) wa huku kusini Mwambani mpaka Kigombe walikuwa wameanza kunasa yule samaki wa kale adimu, silikanti, magamba magumu, mapezi kama vimiguu. Mmoja akaletwa jikoni kwa bei ya bure, mpishi mkuu akasema samaki ni samaki akakaanga kipande. Yale mafuta usipime. Akala peke yake kwa ubishi, siku mbili hakutoka msalani. Sasa tokea 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake, ukimleta jikoni ni kesi.

Mtoto wa Chumbageni
Jamani endeleeni nasoma. Naskia wanataka kukamata wageni wa bomba la mafuta Chongoleani, bei ndo hiyo tena.

Mwali wa Pangani
Bei tutazoea. Mie nina swali kwa bibi, ndimu na tui la kwanza kwenye sufuria moja si linakatika hata moto ukiwa mdogo? Hapo umetuficha kitu.

Bibi wa Barabara ya 12
Ndimu anapakwa samaki kabla ya kukaangwa, anaoshwa, anafutwa. Nani kasema naikamulia kwenye tui? Watu wa Pangani someni kwanza.