Mjadala: Kila belo la mitumba linaloingia Dar litozwe ada ya taka?

Mleta hoja

Naleta hoja moja tuijadili kwa kina. Kila belo la mitumba, yaani bunda la nguo lililofungwa kwa mikanda, linaloshuka bandarini Dar es Salaam litozwe ada ya taka, shilingi 60 kwa kilo, na fedha hiyo itumike kuondoa nguo zisizouzika masokoni. Belo la kawaida ni kilo 45, kwa hiyo ada yake ni shilingi 2,700.

Tumezoea kusema kuvaa mtumba ni kutunza mazingira, na kwa shati linalovaliwa ni kweli: limeshashonwa, halidai pamba mpya wala rangi mpya. Lakini lile linalobaki chini ya meza jioni, lina doa la mafuta kifuani au zipu imeng'oka, halijatunza chochote. Linasukumwa mtaroni, mtaro unalipeleka Mto Msimbazi, na masika yakija linaishia bonde la Jangwani. Lisipopita njia hiyo litapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, au litachomwa nyuma ya vibanda usiku.

Na mzigo haupungui. Tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu peke yake bila kuzichanganya na taka nyingine. Nyingi zikikusanywa, lazima zitafutiwe pa kwenda. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2007 inayozitaka kampuni za nguo kulipia ukusanyaji na uchambuzi wa nguo zikishachakaa. Fedha hiyo inabaki kulekule wakati nguo zinavuka bahari kuja huku, na gharama ya mwisho wake inabebwa na mfagiaji wa soko.

Muuza belo, Ilala

Ndugu mleta hoja, nia yako naiona, ila umeanzia mahali pasipo. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mitumba ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, kile kilicho kikubwa. Maana yake belo la kilo 45 haliwezi kutoka bandarini bila dola 18 za ushuru huo peke yake, kabla ya tozo nyingine, usafiri, wapagazi na ushuru wa soko.

Jambo la pili ni nani ataibeba hiyo 2,700. Mwagizaji hafungui belo. Ataiongeza kwenye bei ya jumla na kuuza likiwa na mikanda yake. Hatari yote ni ya yule anayekata mkanda. Belo halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Mnunuzi anasoma lebo, anaangalia nchi lilikotoka na jina la mfungaji, anabonyeza pembeni kusikia kama kuna unyevu, basi. Likiwa limeloa safarini, katikati kunakuwa na ukungu, na ile harufu haitoki hata kwa kufua mara tatu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Belo la tisheti lina vipande kama 220 hadi 250 kutegemea uzito wa kitambaa. Belo la jinzi lina 65 hadi 75. Ada ya 2,700 ni kama shilingi 12 kwa tisheti na 40 kwa jinzi. Kwa belo la gredi ya kwanza hakuna atakayeisikia. Lakini belo bovu linampiga muuzaji mara mbili: mzigo hauuziki, na taka ameshailipia. Asubuhi wateja wa kuchagua wanaondoa vile vizuri, mchana bei inashuka, jioni ni jero jero, shilingi 500 kipande, na kinachobaki baada ya jero ndiyo taka unayoizungumzia. Kiasi cha mabaki kinaamuliwa na aliyefunga belo huko ng'ambo, siyo na anayelipanga soko la Karume.

Kama mnataka haki, wakaguzi wafungue belo za sampuli bandarini kwa kila kontena, na kontena lenye uchafu uliopitiliza lirudishwe kwa gharama ya mwagizaji. Nguo za ndani za mtumba zimeshapigwa marufuku na Shirika la Viwango, kwa hiyo mlango wa kukagua upo.

Mwanakikundi wa usafi, Hananasif

Naunga mkono ada, tena naiona ndogo.

Wanaodhani nguo mtoni ni sawa na chupa hawajavuta nguo mtoni. Chupa inaelea, unaiokota kwa wavu. Nguo inalowa, inazama, inajifunga kwenye mizizi na nondo za daraja, kisha matope yanajaa ndani yake. Suruali moja ya jinzi iliyozikwa nusu kwenye tope haivutwi na mtu mmoja. Lazima kuchimba kwa jembe pembeni, kukata kwa panga, kutoa vipande. Na ikishakaa hapo inakamata chupa, mifuko na majani, ndiyo mwanzo wa kizibo. Karavati linaloziba mara nyingi halijazibwa na plastiki tupu. Nguo ndiyo kamba inayofunga ile plastiki.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unasaidia kwa kilichopo juu. Hiki cha chini kinahitaji watu wa kulipwa, mabuti, glavu nzito na guta la kusombea, tena kazi ifanyike kabla ya Machi. Fedha hiyo haitoki kwa kujitolea.

Mdau wa pamba, Simiyu

Mimi nasema mitumba ifungwe kabisa. Tunalima pamba, sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa nyuzi ghafi, halafu tunavaa nguo walizochoka kuvaa wengine. Wazee walizipa jina lake halisi, kafa Ulaya. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa mwaka 1968 ili tuvae cha kwetu. Na msitutishe kwa ile hesabu inayosema tisheti moja mpya ya pamba inakula lita 2,700 za maji. Huo ni wastani wa dunia, unaobeba ndani yake mashamba ya umwagiliaji. Pamba ya kanda yetu inalimwa kwa mvua.

Muuza belo, Ilala

Kaka, kuhusu maji ya mvua uko sahihi, na ni vizuri umelisema. Kuhusu kufunga, tumeshaliona hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilisimama, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya nguo zake.

Lakini weka AGOA pembeni. Ukifunga mitumba leo, mama wa Mbagala hatakwenda kununua nguo ya pamba ya Simiyu, kwa sababu kiwanda cha kumshonea kwa bei yake hakipo. Atakwenda Kariakoo kununua gauni jipya la poliesta kutoka China, jembamba, linalochanika mshono baada ya miezi michache. Hilo nalo litaingia Msimbazi, tena bila kupita mkono wa pili.

Mdau wa pamba, Simiyu

Kiwanda hakipo kwa sababu soko halipo. Ukingoja kiwanda kwanza utangoja milele. Hapo hatutakubaliana.

Fundi cherehani, Manzese

Ada iwepo isiwepo, nguo zisipochambuliwa kwa aina ya kitambaa hakuna mahali pa kuzipeleka isipokuwa dampo. Lebo zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo kitambaa kinasomwa kwa moto. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, urefu wa kidole, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji, washa kiberiti. Pamba inawaka kwa mwali wa njano, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta inajikunja kabla ya kushika moto, inatoa moshi mweusi, inadondosha matone, na ikipoa inabaki shanga ngumu isiyopondeka kwa vidole. Sufu inanuka nywele na inazimika yenyewe. Ukipata jivu lenye vishanga ndani, ni mchanganyiko.

Kosa linalofanyika sana ni vigauni vya maua vya viskosi, kitambaa laini kinachofanana na pamba. Navyo vinanuka karatasi, watu wanaviweka kwenye rundo la pamba. Lowesha uzi kisha uvute. Pamba ikilowa inakaza, viskosi ikilowa inakatika kirahisi. Dekio la viskosi halimalizi wiki.

Jinzi iwe na rundo lake. Ya pamba tupu, isiyovutika, inafaa mikoba na aproni: sindano namba 16 au 18, uzi mnene, na penye mikunjo minne au mitano ya kitambaa gonga kwa nyundo kwanza, vinginevyo sindano inavunjika au mashine inaruka mishono. Jinzi ya kuvutika usiifanyie mkoba wa kubebea mzigo. Ule mpira uliomo unachoka na mkoba unalegea mpaka magotini.

Mtengeneza madekio, Tandika

Fundi kasema vizuri, naongeza upande wa matambara, maana huko ndiko kilo nyingi zinakoweza kwenda.

Gereji inataka pamba. Poliesta haifyonzi maji, na ikigusa injini ya moto inayeyuka na kuganda pale. Tisheti ya mtu mzima unakata kola, mishono ya pembeni na upindo, unaondoa ile picha ya mpira ya kifuani kwa sababu haifyonzi kitu, unapata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 40 na mikono inabaki vipande vidogo vya fundi rangi. Vifungo na zipu zote zitoke. Kifungo kimoja kikibaki kinachora bodi ya gari, na mteja huyo humwoni tena. Dekio la mti linataka vipande 60 vya upana wa sentimita 3 na urefu wa 35, yaani tisheti mbili.

Poliesta na mchanganyiko vinakwenda kwenye ujazo. Vikatwe vidogo, sentimita 2 hadi 3, vikiwa vikavu kabisa. Mto wa kukalia chini wa sentimita 60 kwa 60, kimo 20, unakula kilo 7 hadi 10. Ukijaza vipande vikubwa unapata mabonge. Ukijaza vyenye unyevu, ndani ya siku chache vinanuka, na hapo umetengeneza taka mpya kwa jasho.

Kikwazo kiko kwenye mkono wa kwanza. Mabaki yanatupwa pamoja na maganda ya machungwa na maji ya samaki. Nguo ikishaloa mchuzi wa samaki hakuna atakayeikata.

Mnunuzi, Mwenge

Na sisi wanunuzi tunaharakisha taka. Nguo ikishatoka sokoni inalowekwa jiki ili "kuua wadudu". Jiki ni kwa pamba nyeupe tu. Inakula sufu na mpira wa nguo za kuvutika, inaipa poliesta nyeupe umanjano. Maji ya moto kadiri kitambaa kinavyohimili, sabuni, jua kali na pasi vinatosha. Harufu ya stoo inatolewa kwa kikombe cha siki kwenye lita 10 za maji, nusu saa. Ila siki na jiki visikutane kwenye beseni moja, vinatoa gesi inayoumiza mapafu.

Mleta hoja

Nimewasoma, na kuna mahali nabadilika. Muuza belo amenionyesha kwamba ada iliyo sawa kwa kila belo inamkandamiza aliyeuziwa belo bovu. Kwa hiyo narekebisha: shilingi 60 ibaki, lakini kila soko liwe na kituo cha kupimia mabaki kwa mzani. Muuzaji akileta mabaki makavu, yaliyotengwa viroba vitatu, pamba, jinzi, na vinginevyo, arudishiwe fedha kwa kilo kutoka kwenye mfuko huohuo. Aliyeuziwa belo bovu atarudishiwa zaidi, na kumbukumbu za mzani zitaonyesha belo la mfungaji gani linaleta uchafu. Huo ndio ushahidi wa kurudisha kontena anaoudai yeye.

Sikubali kwamba ukaguzi wa sampuli peke yake unatosha. Hata belo zuri lina mabaki.

Muuza belo, Ilala

Hapo umesogea, na kwa mzani nakuunga mkono. Bado naogopa mfuko. Tozo ikishaingia kwenye kapu kubwa haionekani tena. Mmachinga analipa kitambulisho chake shilingi 20,000 na taka bado anaziona mlangoni. Akaunti iwe ya soko, watia saini wawemo viongozi wa wafanyabiashara, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Pasipo hilo, kwangu ni hapana.

Mwanakikundi wa usafi, Hananasif

Na mwakilishi wa mitaa ya mtoni awe mmoja wa watia saini. Maji yakijaa yanaingia nyumba za huku, hayaingii sokoni.

Mtengeneza madekio, Tandika

Kuhusu kituo cha mzani, tahadhari moja ya lazima. Kisiwe ndani ya soko. Viroba vya nguo kavu vilivyopangwa mpaka dari ni kuni. Karume iliungua Januari 16, 2022, na wote tunakumbuka moto wa nguo unavyokimbia. Kiwe na ukuta wa tofali, bati lisilovuja, viroba juu ya mbao sentimita 15 kutoka sakafuni, njia ya mita moja katikati ya mistari, na pasiwe na jiko la mkaa wala waya wa umeme wa kuunga. Na matambara yaliyokwisha kutumika, hasa ya mafundi seremala wenye mafuta ya kitani, yasipokelewe kabisa. Yakikunjwa pamoja yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti. Fundi ayaloweke kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko, hukohuko karakana kwake.