Je, kuwadai ndugu zangu zamu ya kumtunza baba ni kukosa upendo?

Mtoto wa Kati:
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwa Maandiko. Pole nimeshapewa za kutosha.

Baba yetu alipata kiharusi, upande wa kulia umelala. Anaishi kwangu. Tumezaliwa watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike. Hela wanatuma, siwezi kuwasingizia. Ila hela haimgeuzi mtu kitandani. Muuguzi alituelekeza ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda kwenye nyonga na visigino, na saa mbili za usiku ni zilezile za mchana. Simu inalia saa nane usiku, naamka, napitisha mkono chini ya kiuno chake, navuta shuka, naweka mto katikati ya magoti. Ikibidi kumbadilisha nepi, baba hufumba macho mpaka nimalize. Saa kumi, tena.

Niliandika kwenye kundi la familia kwamba tupeane zamu, hata wikiendi mojamoja. Kaka akajibu kwamba wikiendi zake ni za huduma, akamalizia na 1 Wakorintho 13: upendo hauhesabu mabaya. Mdogo wangu akaweka vile viganja vya maombi. Basi, kimya.

Na huduma yenyewe ya kaka, jamani, ni semina za familia ya Kikristo.

Swali: nikisisitiza, ndiyo nahesabu mabaya? Au ninyamaze nimwachie Mungu?

Mnyenyekevu:
Dada yangu, pole sana. Lakini soma Luka 10. Martha naye alilalamika kwamba ndugu yake amemwachia kazi peke yake, na Bwana hakumwambia Mariamu aende jikoni. Mtunze baba kwa furaha, thawabu yako haipotei. Ukianza kudaiana haki na ndugu wa damu, nyumba inageuka mahakama.

Mama wa Wanne:
Mnyenyekevu, kwa heshima zote, Mariamu alikuwa ameketi miguuni pa Yesu. Huyu mwenye viganja vya maombi ameketi wapi? Na Martha alikuwa anahangaika na shughuli za mgeni wa siku moja. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ni habari nyingine kabisa.

Mtoto wa Kati, fungua Hesabu 11. Musa alimwambia Mungu waziwazi kwamba hawezi kuwabeba watu wale wote peke yake, mzigo ni mzito mno, hata akaomba afe. Mungu hakumwambia avumilie. Alimwagiza akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Halafu soma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume wangeweza kuhubiri juu ya manung'uniko, maana Biblia ina mistari ya kutosha ya kazi hiyo. Badala yake waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, kazi ikapangwa upya. Na waliolalamika walikuwa wanaupenda ushirika ule, ndiyo maana walibaki wakasema.

Kuhusu huduma ya kaka, asome Marko 7 mstari wa 9 hadi 13. Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanaitangua amri ya kuwaheshimu baba na mama, kwa kumruhusu mtu aseme kile ambacho kingewafaa wazazi wake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu. Mimi sioni tofauti kubwa na "wikiendi zangu ni za huduma". Ningekuwa mwenyekiti wa hizo semina ningempa likizo mwenyewe.

Ila usimrushie mstari huo kwenye kundi. Mathayo 18:15, kwanza wewe na yeye peke yenu. Mbele ya watu atajitetea tu.

Kaka wa Mbali:
Naongea kama mmoja wa wale wanaotuma hela. Ukishatuma, moyo unatulia, unajiona umemaliza. Neno "zamu" halikuambii kitu. Dada yetu alipomtunza mama, aliniandikia ratiba ya usiku mmoja, saa kwa saa, bila lawama hata moja. Nilisoma mara mbili, nikaomba ruhusa kazini.

Halafu usidai mlingane kabisa. Mwenye nafasi atoe siku, asiye nayo alipe mtu wa kukesha. Ila kila jukumu liwe na mwenyewe. Yesu akiwa msalabani hakusema "mtaangalia mtakavyofanya na mama". Alimkabidhi kwa mwanafunzi mmoja, na tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake.

Mnyenyekevu:
Hiyo ya Hesabu 11 sikuwa nimeitazama hivyo. Lakini bado nasema angalia moyo. Mtu anaweza kuwa na haki yake kamili na bado akamtunza mzee kwa kununa, na mgonjwa anajua.

Mtoto wa Kati:
Hapo umesema kweli, Mnyenyekevu. Baba huwa ananiomba msamaha kila nikimgeuza, na nahisi ni kwa sababu anasikia ninavyovuta pumzi.

Nimempigia kaka, sisi wawili tu. Sikutaja Korbani, nilimsomea ratiba. Akanyamaza, kisha akauliza kama baba anaweza kulala kwake Ijumaa hadi Jumapili, na kama kile kitanda kinakunjika. Kinakunjika. Semina ya mwezi huu anasema ataifundisha mwingine, ya mwezi ujao "tutaona".

Mdogo wangu simu haipokei. Nitampigia Jumapili mara tu ibada ikiisha, hapo hawezi kusema yuko kazini. Kaka wa Mbali, huyo mtu wa kukesha mlimpataje, na mlimpima vipi kabla ya kumwachia mzee usiku?