Kilo zilizoingia taratibu tangu ujana zina shida uzeeni? Na mama yangu yeye anapungua bila sababu

BintiWaKibosho
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni msaada hasa nyie wa sekta ya afya. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, niliolewa nikiwa na kilo 57, nina watoto watatu, na sa hivi mzani wa duka la dawa pale mtaani unasoma 83. Sikunenepa ghafla, kila uzazi uliacha kidogo, halafu kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa nzima, basi kila mwaka kilo moja inaingia na haitoki. Siumwi, presha na sukari nimepima ziko sawa, ila magoti ndo yanauma nikipanda ngazi. Mume wangu na mawifi wanasema niache, mwili wa mama unatakiwa uwe hivi hivi, na nikikonda watu watasema naumwa au ndoa imenishinda. Sasa swali la kwanza, hizi kilo zina madhara gani huko uzeeni wakati leo sijisikii kitu? Na kwa umri huu bado kuna faida ya kupunguza?

La pili ni mama yangu mzazi, yuko Kibosho, ana miaka 72. Maisha yake yote alikuwa na mwili, lakini tangu Pasaka anapungua tu mwenyewe, hajabadilisha chakula wala nini. Kitenge kinamzunguka mara mbili, saa ya mkononi inateleza inafika karibu na kiwiko. Majirani wanamsifia kwamba amekuwa mwepesi kama msichana, dada yangu anataka kumnunulia vidonge vya kunenepa. Nifurahi au niogope?

Mzawa_wa_Temeke
Dada achana na mizani hiyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mnene kweli kweli na amefariki na miaka 91 akiwa anajitawaza mwenyewe. Wembamba nao wanaanguka na presha kila siku. Kula vizuri, mshukuru Mungu.

NesiKlinikiYaSukari
Mkuu wa Temeke, bibi yako Mungu amrehemu, ila wale ambao unene uliwaondoa wakiwa na 58 hawapo humu kutusimulia, mimi ndo nakutana nao kliniki. Wengi wanakuja mguu umeshaanza kidonda au macho yameanza kuona ukungu, na ukiwauliza historia ni hii hii ya dada, hakuna siku walinenepa, ni kilo moja moja kwa miaka ishirini.

Dada kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2017 kwenye jarida la JAMA, ulifuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 92,000 na wanaume wa kada za afya kama 25,000. Waliangalia uzito wa mtu akiwa na miaka 18 kwa wanawake na 21 kwa wanaume, wakalinganisha na alipofika 55. Wanawake kwa wastani waliongezeka kama kilo 12 na nusu, wanaume karibu 10, yani sio watu wa ajabu, ni watu wa kawaida kabisa. Kila kilo 5 zilizoongezeka ziliendana na hatari ya kisukari aina ya pili kupanda asilimia 30, presha 14, magonjwa ya moyo na kiharusi 8. Na uwezekano wa kufika uzeeni bila ugonjwa sugu, akili iko timamu na mwili unajiweza, ulishuka asilimia 17 kwa kila hizo kilo 5. Wengi wao walikuwa wazungu na utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi moja kwa moja kwamba hiki ndo kimesababisha kile, lakini unafanana sana na ninachokiona kwenye benchi la kliniki kila wiki. Wewe umeongeza 26. Kwahiyo kutojisikia kitu leo kusikupe amani, presha na sukari havipigi hodi.

Na ile habari ya kwamba ukifika 40 mwili unaacha kuchoma chakula sio kweli. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ukaonyesha kwamba kati ya miaka 20 na 60 kasi ya mwili kutumia chakula haibadiliki kihivyo, inaanza kushuka baada ya 60. Kinachobadilika ni tunavyokaa na tunavyokula. Kwa wanawake hedhi ikikoma mafuta yanahamia tumboni, na hayo ya tumboni ndo mabaya zaidi, kwahiyo chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80 aanze kuangalia, akizidi 88 hatari imekuwa kubwa, mwanaume ni 94 na 102.

Faida ya kupunguza ipo tena kubwa, na si lazima urudi 57, hiyo sahau. Wamarekani walichukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari ilikuwa imeanza kupanda lakini haijawa kisukari, kundi moja likawekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Majibu yalitoka 2002, kisukari kilipungua asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 kwenda juu kilipungua 71. Kwako asilimia 7 ni kama kilo 6 tu. Na magoti yatakushukuru, maana kila kilo inayotoka inapunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti kila unapokanyaga.

La mama nakujibu peke yake kwa sababu ndo la haraka. OGOPA. Mzee akipungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yani wa kilo 70 akapoteza tatu na nusu, huyo anatakiwa apimwe. Inaweza kuwa sukari, TB, HIV (wazee wanasahaulika sana hapo), tezi ya shingo, kansa, au huzuni tu, au meno yanauma hawezi kutafuna nyama anaona aibu kusema. Na hivyo vidonge vya kunenepa msimpe kabisa. Vingine vina deksamethasoni, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe, uso unavimba mnadhani amenawiri kumbe sukari inapanda, mifupa na misuli inaisha, na ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini.

MamaNtilie_Mwanza
Mimi nataka kuongelea hilo la ukikonda watu watasema. Hiyo imetoka miaka ya 90 tulipokuwa tunazika watu wa Ukimwi kila wiki, mtu akipungua kidogo tu jirani ameshajua la kusema. Tukajifunza kwamba unene ndo uzima. Sasa angalia, ule utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na sisi bado tunaambiana umependeza. Wifi hatakuja kukuchoma insulini, dada.

Kwa upande wa chakula mimi napika biashara kwahiyo najua mafuta yanapoingilia. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko, utashtuka mboga inaiva na vijiko viwili. Soda na chai ya sukari vijiko vitatu hivyo ndo vianze kuondoka, chapati iwe ya wikiendi. Ugali kula, ila nusu ya sahani iwe mchicha au kabichi, samaki au maharage pembeni, halafu ndo ugali unaopata nafasi iliyobaki.

Mwalimu_Mstaafu_Muheza
Mwanangu, mimi nina miaka 69, nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nes amesema vizuri ila naongeza kwa niaba ya wazee. Huku kwetu adui si kilo peke yake, ni misuli kuisha. Unaweza kumkuta mzee ana kitambi na mapaja yamekwisha, huyo mzani unamwambia yuko sawa kumbe hawezi kuinuka chooni. Wenzangu wawili wameanguka bafuni wakavunjika nyonga, na mmoja hakuinuka tena kitandani.

Mimi kila asubuhi nakaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mikono, nafunga mikono kifuani, nasimama bila kushika popote, halafu nakaa taratibu nikihesabu mpaka nne, narudia mpaka mapaja yanawaka. Kisha nabeba ndoo ya lita kumi toka kisimani badala ya kumtuma mjukuu. Na sili chai na mkate mtupu kama wazee wengi wanavyofanya eti tumbo limekuwa dogo, nakula yai, dagaa, kunde, maziwa mgando. Mama yako akishapimwa na kupewa ruhusa mwanzishieni hivyo, kiti kiegemee ukuta na mtu asimame karibu.

Mzawa_wa_Temeke
Shikamoo mzee. Nes sasa umenichanganya kidogo, kama kupungua kwa mzee ni hatari, mama yangu ana 66 na kilo 98 asipunguze?

NesiKlinikiYaSukari
Apunguze, lakini kwa kukusudia na polepole, sio kwa kufunga siku tatu wala zile chai za kukata tumbo. Mtu wa umri huo akipungua kwa njaa anapoteza misuli na mifupa pamoja na mafuta, kwahiyo protini isipungue na hayo mazoezi ya mwalimu yawepo. Kama anatumia dawa za sukari au presha amwambie daktari kwanza, maana uzito ukishuka dozi inaweza kuwa kubwa kuliko mahitaji, akaanguka kwa sukari kushuka.

BintiWaKibosho
Asanteni sana wote, mwalimu shikamoo. Nimempigia kaka usiku huu, Jumatatu anampeleka mama hospitali, na vidonge dada nimemzuia ingawa amenuna. Kaka ndo ananiambia mama ana kikohozi cha asubuhi tangu mwezi uliopita, yeye anasema ni vumbi la kufagia.

NesiKlinikiYaSukari
Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na kupungua uzito, hapo makohozi lazima yapimwe, kipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Jumatatu sawa, ila usiku huu muulizeni kama anatoka jasho la kulowesha shuka au ameona damu kwenye makohozi, akisema ndio basi msisubiri Jumatatu. Afungue madirisha, asilale chumba kimoja na wajukuu mpaka majibu yatoke. Na kaka akusanye dawa zote anazotumia mama, hata za mitishamba, aziweke kwenye mfuko mmoja aende nazo.

BintiWaKibosho
Nampigia sasa hivi.