Mtoto wa German Shepherd amedumaa: minyoo au homoni?

Swali: Ana wiki 12, uzito nusu ya wenzake, manyoya bado ya kitoto. Dawa ya minyoo kapewa. Tupime nini? Wazazi wapandishwe tena?

Jibu 1: Manyoya hayo yananifanya nishuku tezi ya pituitari (tezi ndogo ya ubongoni inayotoa homoni za ukuaji). Omba kipimo cha LHX3, jeni ambayo kasoro yake huleta udumavu huo, kwa damu au ute wa shavuni. Ila msiruke ini na moyo: damu inayokwepa ini nayo hudumaza.

Jibu 2: Kasoro ya jeni hiyo ikithibitika kwa mtoto, wazazi wote ni wabebaji (wanayo bila kuugua). Wakirudiana, kila mtoto ana uwezekano wa 25% kuugua na 50% kubeba. Mbebaji apandishwe na asiyebeba, watoto wapimwe. Kuwaondoa wabebaji wote kwenye uzazi ni pupa; mnabana ukoo bure.

Jibu 3: Msisubiri TSH (homoni ya pituitari inayochochea tezi ya thairoidi) ipande, pituitari yenyewe ndiyo mbovu. T4 (homoni ya thairoidi) ikiwa chini, daktari kwa kawaida huanza levothairoksini, dawa ya kuifidia, 0.02 mg kwa kilo kila saa 12, tumbo tupu. T4 irudiwe baada ya wiki 4–6, saa 4–6 baada ya kidonge. Figo pia zifuatiliwe.