Tunaunda setilaiti ndogo chuoni, kibali cha masafa tunaomba wapi?

Kijana wa Kigamboni: Wakuu habarini. Tupo kikundi cha wanafunzi wa uhandisi hapa Dar, tunaunda setilaiti ya sentimita 10 kila upande. Itapokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwenye vihisio vya mtoni, kisha ikipita juu ya chuo inatushushia. Tumechagua masafa ya 435–438 MHz kwa sababu redio zake zinapatikana kirahisi. Sasa wanaouza nafasi kwenye roketi wanadai kibali cha masafa. Mwenzetu mmoja anasema tuwaandikie ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano kule Geneva, tuombe na nafasi ya obiti (njia ya kuzunguka dunia) hukohuko. Mwingine anasema angani hakuna mwenyewe, turushe tu. Halafu kuna bwana mwenye mashamba anataka kununua data. Tuanzie wapi?

Fundi Antena: Dogo, Geneva hawatakujibu. ITU inaongea na nchi, siyo chuo wala kampuni. Nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa nchini, wao wakiridhika ndio wanapeleka maombi ITU kwa jina la Tanzania. ITU ikishachapisha, nchi nyingine zinapewa miezi 4 ya kupinga kama zinaona mtawaingilia, kwa hiyo msingoje mpaka setilaiti ikamilike. Nafasi ya obiti sahauni. Zinazogombewa ni zile za kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama. Yenu itazunguka chini sana. Mtataja tu njia yake ipo juu kiasi gani na imeinama kiasi gani kutoka ikweta.

Mzee wa Mawimbi: Mbona mmeruka la mwenye mashamba? Ndilo kubwa. 435–438 ni masafa ya redio za ridhaa, yaani za wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kujifurahisha, huko hakufanywi biashara. Data zinazoshuka lazima yeyote aweze kuzisoma, amri za kuiongoza setilaiti tu ndizo zinaruhusiwa kufichwa. Mkibaki kwenye ridhaa, IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, wanawapangia masafa bure na ITU haiwatozi ada ya faili la maombi. Mkiingiza mteja, kila kitu kinabadilika: masafa, redio, antena, gharama. Na vihisio vya mtoni navyo vinarusha mawimbi, viingizeni kwenye maombi.

Asiyependa Foleni: Rusheni tu bwana. TCRA wana ngazi ya kufika huko?

Fundi Antena: Swarm, kampuni ya setilaiti ya Marekani, walifikiri hivyohivyo. FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa huko, iliwanyima kibali cha setilaiti 4, ikihofia ni ndogo mno kufuatiliwa zikiwa angani. Wakazirusha kutoka India Januari 2018. Desemba ya mwaka huohuo wakakubali kulipa dola 900,000. Hakuna aliyehitaji ngazi, kampuni yenyewe ilikuwa hapahapa duniani.

Binti Ikweta: Natoka nje ya mada kidogo. Mwaka 1976 kule Bogotá nchi za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilitangaza kwamba kipande cha hiyo njia ya kilomita 35,786 kilicho juu yao ni mali yao. Nchi kubwa zikakataa. Sisi hata ikweta yenyewe haitupitii 😂 Rwanda nao 2021 wakapeleka ITU maombi ya setilaiti 327,320!

Mzee wa Mawimbi: Kuomba ni kitu kimoja. Usipoanza kutumia masafa ndani ya miaka 7, faili linafutwa. Kwa makundi makubwa kuna na masharti ya ziada: baada ya hiyo miaka 7, asilimia 10 ziwe juu ndani ya miaka 2, nusu ndani ya 5, zote ndani ya 7. Nchi haikai na anga kwenye kabati.

Kijana wa Kigamboni: Shukrani sana wakuu. Je, hii ya kwanza ikiwa ya ridhaa, kisha ya pili tuiombee masafa ya biashara, itakubalika?

Mzee wa Mawimbi: Inakubalika, ila bwana wa mashamba asichangie hii ya kwanza kwa ahadi ya kupewa data peke yake. IARU watauliza lengo la setilaiti. Andikeni mafunzo na majaribio ya redio, na iwe kweli. Huyo bwana mwambieni kabla hamjajaza fomu.