Fundi uliyetupandishia Nextcloud bila bekapu, laki nne yetu irudi

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Mafundi wa seva mnaozunguka mikoa hii ya Kusini, someni mpaka mwisho.

Nina studio ya picha na video hapa Masasi, na tawi dogo Mtwara mjini. Tunapiga harusi, unyago, mahafali, na misiba pale familia inapotaka kumbukumbu. Mnaoijua Kusini mnajua kwamba fedha za korosho zikishaingia, sisi hatulali. Harusi moja inaweza kutuachia GB 200. Picha nyingi ni za kina mama wakiwa kwenye mambo yao ya ndani, na mimi siwezi kuzipeleka zikakae kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua huko Marekani. Ndiyo maana mwaka 2022 tulinunua kompyuta ya mtumba, tukaweka Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi wa Linux), diski ya TB 4, na juu yake Nextcloud 24, programu ya kuhifadhi faili kwenye seva yako mwenyewe na kuzifungua kwa simu au kivinjari. Na ilitufaa mno. Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga kwa kimbunga Hidaya, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika intaneti ikawa ya kubahatisha, sisi tulikaa ofisini tukichagua picha na wateja kwenye mtandao wa ndani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shida imeanza mwezi uliopita. Programu ya simu ikawa inalalamika kwamba seva yetu ni ya zamani mno. Ni kweli, Nextcloud hulihudumia kila toleo kubwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na letu lilishapitwa siku nyingi. Fundi aliyetufungia mwanzo alishahama mkoa, nikaelekezwa mwingine. Akaja Jumamosi asubuhi, akataka 400,000, nikalipa yote.

Nilimuuliza kitu kimoja tu kabla hajakaa: "Kaka, tusitoe bekapu kwanza?" Akanijibu: "Dada, hii ni Linux, haifi."

Akaanza na Ubuntu. Akaitoa 20.04 akaipeleka 22.04, na bila hata kufungua ukurasa mmoja kuona kama Nextcloud imeamka, akaunganisha mpaka 24.04. Hapo ndipo alipotumaliza. Nextcloud imeandikwa kwa lugha ya programu inayoitwa PHP, na kila toleo lina PHP zake linazozikubali. Ubuntu 20.04 inakuja na PHP 7.4, 22.04 inakuja na 8.1, 24.04 inakuja na 8.3. Nextcloud 24 inakubali mwisho 8.1. Yaani angesimama 22.04 tu, mchana ule tungekuwa kazini. Kivinjari kilipomwandikia wazi kwamba toleo hili halipatani na PHP ya 8.2 na kuendelea, kilikuwa kinamwonyesha alipokosea. Hakusoma. Akashusha Nextcloud 30 na kuimwaga juu ya ile ya zamani. Ikamgomea tena, ikamwambia kuruka matoleo makubwa hakuruhusiwi.

Nextcloud hairukwi! 24 inakwenda 25, 25 inakwenda 26, hatua kwa hatua mpaka ufike. Limeandikwa kwenye mwongozo wao rasmi, bure, halihitaji cheti wala semina. Mtu anayechukua fedha za watu kwa kazi hii anawezaje asijue?

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikaona anaandika rm -rf, amri ya kufuta kila kitu bila kuuliza, kisha njia ya folda ya nextcloud, akabonyeza. Mstari ukashuka, kioo kikatulia. Sekunde tatu, labda nne. Humo ndimo ilimokuwa config.php.

Kwa wasioijua, config.php ni faili dogo, mistari hamsini kwa kukadiria. Ndani yake kuna jina la databesi, mahali data ilipo, na mstari mmoja unaoitwa secret. Sisi tulikuwa tumewasha usimbaji wa upande wa seva, kwa hiyo kila picha na kila video ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe umefungwa kwa huo secret. Ukiupoteza, faili unazo na huna.

Yeye akasakinisha upya kabisa, akafungua databesi mpya, akatengeneza watumiaji kwa majina yaleyale, akaamuru files:scan, yaani Nextcloud iorodheshe upya faili zilizo kwenye diski, majina ya faili yakarudi kwenye orodha. Akasimama akapangusa mikono. "Mambo safi dada, vyote vipo." Akaondoka kuwahi basi la Mtwara.

Jumatatu nikafungua picha ya kwanza: haifunguki. Ya pili vilevile. Video hazichezi. Nikaingia kwenye diski yenyewe, nikachukua faili moja la JPG nikalitazama mwanzo wake kwa amri ya head. Badala ya alama za picha, mstari wa kwanza ulianza na HBEGIN, ukafuata na jina la moduli ya usimbaji. Nikaelewa, na miguu ikaniisha nguvu. TB 2.6 za kazi ya miaka mitatu.

Nampigia simu, ananiambia nini? "Dada, umeme wenu huku Kusini ndio umeua faili." Umeme! Umeme haukukatika Jumamosi wala Jumapili, na hata ungekatika, umeme haufuti config.php. Kisha akaongeza kwamba kwa 350,000 nyingine anaweza "kujaribu kuzifufua". Wakuu, mtu amekuchomea nyumba anakuuzia maji.

Siku ileile alikuja mama mmoja kutoka Newala. Tulipiga harusi ya binti yake, na mumewe alifariki baadaye. Alikuja na flashi imefungwa kwenye kona ya kanga, anataka ile sehemu mzee alipowausia maharusi. "Mwanangu, sauti ya baba yao bado ipo?" Nilimwambia ipo, arudi Ijumaa. Sikuwa na uhakika hata chembe, na nimebeba neno lile kifuani siku nne.

Nilichofanya nakieleza kwa sababu kuna mtu mwingine yatamkuta. Kwanza niliizima ile kompyuta papo hapo, kwa sababu kila dakika inayowaka inaweza kuandika juu ya kilichofutwa. Nikaiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, nikanakili diski ya mfumo nzima kwa dd kwenye diski nyingine. Kisha nikaitafuta config.php kwenye diski ghafi, si kwenye mafolda, kwa neno ambalo lazima liwemo ndani yake:

sudo grep -a -C 40 passwordsalt /dev/sda2

Saa nane usiku maandishi yakajitokeza katikati ya uchafu: passwordsalt, secret, instanceid, vyote. Diski ile ni ya sahani, ya zamani; ingekuwa SSD, huenda pasingebaki kitu. Nililia, sikufichi. Nikanakili na kulinganisha herufi kwa herufi, maana herufi moja ikikosewa hakuna kinachofunguka.

Databesi ya zamani tuliikuta salama kwa kuwa aliona uvivu kuifuta. Nikaweka Ubuntu 22.04 kwenye kompyuta nyingine, Nextcloud 24 ileile, databesi ileile, config.php ileile, na nakala ya data. Picha zikafunguka. Ndipo nikaanza kupanda: 25, 26, 27, mpaka 30, kila hatua occ upgrade (occ ndiyo amri za Nextcloud), kila hatua naingia nafungua video moja kabla ya kuendelea, na kila hatua bekapu mpya. Zote hizo zinakubali PHP 8.1. Ubuntu 24.04 nimeiacha ya mwisho kabisa. Ilichukua siku mbili na nusu. Mama wa Newala alipata video yake Ijumaa.

Na usimbaji ule nimeuondoa kwa occ encryption:decrypt-all. Wanaofunga hivi vitu acheni kuuwasha kwa sababu tu jina lake linapendeza. Ufunguo ukiwa kwenye kompyuta ileile yenye data, mwizi akiibeba kompyuta kabeba vyote viwili. Kazi yake hasa ni pale faili zinapohifadhiwa kwa mtu mwingine. Kwa hofu ya wizi, funga diski nzima kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, na nenosiri lake apewe mwenye mali kwenye karatasi.

Ndiyo, karatasi! Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuniachia karatasi. Data iko wapi, databesi inaitwaje, nenosiri la msimamizi ni lipi, toleo ni lipi. Mnatuachia kisanduku kinachowaka taa, kikizima tunaanza kuwatafuta. Kutoa nakala ya databesi, config.php na folda ya data kabla ya kugusa kitu ni kazi ya saa chache. Kama huna saa hizo, usichukue kazi.

Wewe fundi jina lako silitaji, unajijua, na najua humu unaingia. Ulilipwa laki nne kupandisha toleo na hukupandisha chochote, nimepandisha mimi. Fedha irudi yote kabla ya mwezi kuisha. Kazi ya siku nne niliyopoteza nakuachia. Namba yangu unayo.