Shangazi yetu yuko Hudaydah na simu imekufa. Msalaba Mwekundu wanatafuta watu kweli?

Bint Langoni ameuliza:

Asalaam aleikum jamaa. Naandika kutoka Amu (Lamu), nisomeni hadi mwisho tafadhali.

Baba yangu ana dada yake mmoja, kaolewa Hudaydah, Yemeni, tangu sisi hatujazaliwa. Ni zile ndoa za majahazi: bwana alikuja na kaskazi, akaoa Langoni, kusi ilipoanza kuvuma akarudi kwao na mkewe. Kila Idi alikuwa akipiga simu, na zamani akimpata msafiri alituletea zabibu na bunni. Vita vilipofika Hudaydah mwaka 2018 simu zikaanza kukatika, baadaye zikakoma kabisa. Namba mbili tulizo nazo zote hazipatikani.

Kaka yangu akampa bwana mmoja hapa mjini shilingi elfu ishirini, ati ana mtu wake Aden atakayemtafuta. Tulicholetewa ni picha ya mlango. Mlango wa nani, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa jirani kaniambia niende Msalaba Mwekundu. Kaka anacheka, asema kazi ya hao ni mafuriko na kubeba wagonjwa. Mama naye hataki hata kusikia. Asema wale ni watu wa kanisa, na isitoshe, karatasi yenye jina la wifi yake ikienda kuzunguka Yemeni yaweza kumtia mashakani na wenye bunduki. Baba umri umekwenda, na kila akimaliza kuswali namsikia anavyomtaja dadake. Kuna aliyewahi kufanya hili? Na ni pesa ngapi?

Pweza wa Kizingo amejibu:

Waleikum salaam dada. Mimi nakwambia ukweli, sina imani. Mablanketi nimewaona wakigawa, hilo siwanyimi. Lakini kumtafuta mtu Yemeni? Huku visiwani mzazi akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye boti la uvuvi na bahari imechafuka, halafu niambiwe kuna pesa za kuwatafutia watu jamaa zao ng'ambo. Nyumbani kwanza bwana.

Mzee wa Turubai amejibu:

Bint Langoni, mwanangu, nenda. Hawatozi hata senti, na atakayekuomba ya soda ujue si wao.

Mimi nilijitolea nao miaka mingi, kwanza hapo Amu, kisha huku Malindi ninakoishi sasa. Hili jina nilipachikwa 2018 Tana ilipofurika, maana nilikuwa mgawaji wa maturubai na sikumpa mtu la pili hata awe shemeji yangu. Kaka yako simlaumu. Turubai linaonekana toka mbali, ambulensi ina king'ora. Kutafuta watu ni kalamu na meza, hakuna anayekuja kupiga picha.

Utakavyofanya ni hivi. Fika ofisi yao ya kaunti, sema unataka kumtafuta jamaa aliyepotezana nanyi kwa vita. Utaketi na mtu mjaze fomu, na hapo ndipo penye kazi. Usiende na "Bi Fulani wa Hudaydah" ukadhani yatosha. Waandikie jina lake, la baba, la babu, la mama yake, na ukoo. Jina la mumewe na ukoo wa mumewe. Majina ya wanawe, hasa mkubwa, kwa sababu huko huenda mtaani hakuna amjuaye kwa jina mlilompa Langoni. Wanamwita Ummu fulani kwa mwanawe wa kwanza. Mtaa, msikiti ulio karibu, mumewe aliuza nini na sokoni wapi. Kama ana alama usoni au anachechemea, sema. Ukikumbuka lolote aliloliongea katika simu ya mwisho, kwamba wanahama, kwamba kijana kaenda Saudia, litaje hata kama unaliona dogo. Nimeona mtu akipatikana kwa sababu jamaa zake walikumbuka kwamba mumewe ni mshona viatu.

Fomu ikishajazwa haikai Amu. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni chama cha nchi hii, kimeundwa kwa sheria ya Bunge ya Desemba 1965. Kabla ya hapo kilikuwa tawi la Waingereza. Vyama vya nchi mbalimbali kama hiki viko 191 duniani. Pamoja navyo kuna Kamati ya Kimataifa yenye makao Geneva, na hiyo ndiyo ifanyayo kazi kwenye vita. Huko Yemeni Kamati hiyo ipo tangu 1962. Kwa hiyo karatasi yako inakwenda kwa watu ambao hawajui Langoni iko wapi, lakini wanaijua Hudaydah kichochoro kwa kichochoro. Kijana wa kujitolea kule ataishika na kwenda kwa miguu kubisha hodi, kama sisi tulivyokuwa tukibisha hapa kwa niaba ya watu wa Mogadishu.

Mambo haya hawakuyaanza jana. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka 1914 walifungua ofisi Geneva ya kufuatilia mateka, wakaishia na kadi kama milioni 7 zilizoandikwa kwa mkono na kwa taipu, kila moja na jina la mtu.

Mwambie mama hivi: si kanisa. Ile alama ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, ilipitishwa na mkataba wa 1864 kulinda wanaotibu majeruhi vitani. Waturuki wa Dola ya Uthmania walipopigana na Warusi katika miaka ya 1870 walitumia hilali badala yake, na leo vyama zaidi ya 30 vinatumia hilali. Yemeni ni mmojawapo. Atakayekwenda kubisha kwa wifi yake atakuwa amevaa Hilali Nyekundu kifuani na pengine huswali msikiti mmoja na mumewe. (Na tukiwa hapo: hayo maduka ya dawa yanayochora msalaba mwekundu ukutani yanavunja sheria. Alama ile si tangazo la Panadol. Nimelisema hili hadi nimechoka.)

La usalama mama ana haki kuliuliza. Taarifa zenu hazibandikwi ukutani wala hazipewi serikali wala kundi lolote. Na wakimpata shangazi, yeye ndiye anayeulizwa kwanza kama yuko radhi nyinyi mjue alipo. Akikataa, anwani haitolewi. Watu wana sababu zao.

Kama simu hazishiki huko, waweza kuandika ujumbe wa jamaa. Ni karatasi moja, haitiwi gundi, inasomwa njiani, na kwa hiyo ni habari za nyumbani tu: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kaoa, nani mgonjwa. Siasa hakuna, habari za askari hakuna. Nilimwandikia bibi mmoja wa Kibajuni aliyekimbia visiwa vya Kismayu, mwanawe kabaki kule. Mimi kalamu, yeye anatamka. Akaanza: msalimie mkewe, msalimie mama mkwe, msalimie fulani wa mlango wa pili, na yule nahodha, na watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Salamu zikamaliza karatasi. Nikamwambia, bibi, bado hujamwambia kwamba uko hai. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga: "Maiti hutuma salamu?" Tukaipeleka hivyo hivyo.

Jambo moja uliweke sawa kabla hujaenda. Kama nyuma ya hili kuna mirathi, nyumba ya kugawa au saini ya shamba, hiyo si kazi yao. Wanatafuta mtu kwa ajili ya jamaa kuonana. Wakibaini mnamtafuta ili atie dole gumba, watawaelekeza kwa wakili na kwa kadhi.

Na usihesabu wiki. Yaweza kuchukua miezi, yaweza kupita mwaka, na jibu laweza kuwa "hatukumpata".

Pweza, bwanangu, nawe nikujibu. La boti ni kweli tupu, ila lipeleke kwa kaunti, afya iligatuliwa 2013 na bajeti iko kwao. Hesabu yako ya nyumbani na ng'ambo ndiyo imekaa upande mmoja. Hivi unadhani kazi ya hapa kwetu inaendeshwa na harambee ya Amu? Waingereza, Wadenishi, Wafini, Wanorwe, wote vyama vyao vimetia mkono huku kwa miaka. Kuna mfuko wa pamoja wa dharura tangu 1985, vyama vinachangia, na maafa yakitokea nchi yoyote pesa zinatoka bila kungoja kupitisha kofia. Sisi tumekula humo mara nyingi kuliko tulivyotia. Sikatai Wakenya wanajua kutoa: 2011 ukame ulipoua Turkana, mchango wa Kenyans for Kenya ulianzia shilingi kumi kwa M-Pesa, ukavuka lengo lake la milioni 500. Hiyo ilikuwa nyumbani kwa nyumbani. Lakini huyu shangazi, mzaliwa wa Langoni anayekaa Hudaydah, wewe unamweka nyumbani au ng'ambo?

Pweza wa Kizingo amejibu:

Mzee umenishika kwa shangazi. Ila la boti sijaliacha.

Mama Barani amejibu:

Dada, mimi niko Malindi. Nilimsindikiza jirani yangu kwenye dawati lao pale hospitali 2023, wakati wa mambo ya Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga hadi kufa. Nduguye wa kike alikuwa ameingia msituni na mumewe na watoto. Najua la kwako ni tofauti, lakini nikwambie jinsi wanavyouliza ili ujiandae. Waliuliza meno: lipo pengo, wapi? Kovu? Kanga ya mwisho aliyoonekana nayo ilikuwa ya rangi gani? Jirani yangu alijibu yote kwa utulivu hadi alipoulizwa watoto walivaa viatu gani. Hapo akashindwa. Yule msichana aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini, akakaa kimya naye, hakumharakisha ingawa foleni ilifika nje. Baadaye akampeleka kwa mshauri aliyekuwa hema la pili. Vipimo vya DNA ni vya serikali, wao hawapimi.

Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule, na jirani yangu habari njema hakuipata. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyemdanganya na hakuna aliyemwomba chai. Huyo bwana wenu wa picha ya mlango amwogope Mungu.

Nenda na mtu. Usiende peke yako.

Bint Langoni amejibu:

Mungu awalipe nyote. Nimemsomea mama maneno ya Mzee, nilipofika kwenye Hilali akasema "basi mngeanzia hapo". Kaka kanyamaza, na kunyamaza kwake ni ruhusa.

Mzee, niseme kweli, nyumba ipo. Ya babu, na shangazi ana fungu lake, na kuna wanaotaka kuuza. Lakini baba amekula kiapo hakuna kuuza hadi ajue dadake yu hai au la, kwa hiyo nadhani hatutakuwa tumedanganya tukisema twamtafuta yeye.

Maswali mawili. Picha tuliyo nayo ni ya siku ya harusi yake tu, hata miaka ishirini hajafika. Ina maana yoyote? La pili, baba ataka kuuandika ule ujumbe mwenyewe, na yeye Kiswahili hukiandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Watampokelea?

Mzee wa Turubai amejibu:

Picha peleka. Si kwa ajili ya uso, uso umebadilika. Ni kwa ajili ya waliosimama naye. Kama mume yumo, au shemeji, au hata yule mzee aliyeozesha, kuna mtu sokoni Hudaydah atakayemtambua mmoja wao. Nyuma yake andika kwa kalamu ya risasi majina kutoka kushoto kwenda kulia. Usiwape ile asili, piga nakala.

Nyumba waambie kama ulivyoniambia mimi, usifiche. La mgao mtalimaliza kwa kadhi.

Baba aandike kwa herufi zake, lugha yoyote inapokelewa. Lakini wewe kaa pembeni uandike nakala ya herufi za Kirumi, kwa sababu ni lazima isomwe njiani na si kila ofisi ina mtu wa kusoma Kiswahili cha hati ile. Peleka zote mbili. Mwambie jambo la kwanza aandike kuwa yu hai na simu yake ni hii, salamu zifuate.

Hiyo simu nayo iwe yako, si yake, na ukibadili laini rudi ofisini uwaambie siku hiyo hiyo. Kama hujui ofisi iko wapi siku hizi, piga 1199, ni bure. Namba za shangazi zilizokufa pia uzipeleke, pamoja na mwezi mlioongea mwisho.